Sura ya Nne: Kura Inayouzwa Ikingali Shambani

Katika uchaguzi wa 1958 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ndiyo iliyoamua nani apige kura na nani asipige. Mpiga kura alitakiwa awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe anashika kazi fulani zilizotajwa na sheria. Akishavuka kizingiti hicho, kituoni alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ndiyo maana uchaguzi ule ukaitwa wa kura tatu. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni tisa, lakini walioandikishwa hawakufika laki moja. Mkulima wa pamba wa Ukerewe, kuli wa bandari ya Dar es Salaam na mama muuza vitumbua wa Kariakoo walibaki nje, kwa kosa la kuwa maskini au kutosoma.

Vitabu vya historia vinaukumbuka sana mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ambako Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe wa chama chake cha TANU waingie katika uchaguzi ule pamoja na uchungu wake wote. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba chama kilichoshinda kilibebwa na watu ambao sheria iliwanyima kura. Hao ndio waliokata kadi, waliochanga senti, waliompokea mgeni wa chama usiku na kumtafutia pa kulala. Kabla ya miaka minne kutimia baada ya Tabora, nchi ilikuwa huru.

Leo kila Mtanzania aliyetimiza miaka 18 ana kura yake. Hakuna karani anayemuuliza amefika darasa la ngapi wala anapata shilingi ngapi. Hapo ndipo penye swali la sura hii. Ikiwa maskini asiyesoma wa 1958 aliweza kuigeuza nchi bila kura, kwa nini mjukuu wake, mwenye kura na cheti cha kidato cha nne, anashindwa hata kumng'oa diwani aliyekula fedha za kisima?

Jibu jepesi, linalopendwa mijini, ni kwamba mwananchi wa kawaida ni mjinga na ana njaa, basi ananunulika. Jibu hilo ni tusi, na historia yetu yenyewe inalikanusha. Ninachotaka kuonyesha ni hiki: umaskini haumpunguzii mtu akili ya siasa. Unamtia katika mikono ya yule ambaye yeye ndiye angepaswa kumwajibisha. Shule mbovu, kwa upande wake, inamnyima nyenzo za kujinasua kutoka mikono hiyo. Viwili hivi vikikaa pamoja katika nyumba moja, mabadiliko ya kisiasa yanakwama hata kama sheria zote zinayaruhusu.

Nguvu ya wasiosoma

Tuanze na waliofanikiwa. Mwaka 1951 wakoloni waliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wale hawakuwa matajiri, na wengi wao hawakuwahi kuketi darasani. Lakini walichanga. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alifika Umoja wa Mataifa jijini New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya dunia. Ardhi hawakuirudisha siku ile. Hata hivyo, Tanganyika nzima ilijifunza kwamba serikali inaweza kushtakiwa.

Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwanamke wa Kiislamu mwenye elimu ya miaka michache ya shule ya msingi. Alipoingia TANU mwaka 1955 hakwenda kutafuta wasomi. Aliviendea vikundi vya ngoma za lelemama, ambako wanawake walikuwa tayari na viongozi wao, michango yao, nidhamu yao na namna yao ya kupashana habari. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamekata kadi, na wanaume wenye shahada wakashangaa.

Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walijenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa shirikisho kubwa lililoongozwa na Paul Bomani. Kilimanjaro, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilikuwa kimeandikishwa tangu 1933. Mjini kulikuwa na vyama vya wafanyakazi ambavyo vingeweza kuisimamisha bandari.

Ukiviangalia vyombo hivi kwa pamoja utaona kilichokuwa kinampa maskini nguvu. Alikuwa na fedha ambazo hakupewa na mtawala, maana pamba iliuzwa na chama chake na hesabu ilifanywa na karani aliyeajiriwa na chama chake. Tena alikuwa na mahali pa kujifunzia pasipo pa mtawala, yaani kikao cha chama, barazani, kilabuni, kwenye ngoma, ambako mmoja mwenye kusoma aliwasomea gazeti kumi wasiojua. Alikuwa maskini na hakusoma, lakini hakuwa peke yake wala hakuwa tegemezi.

Jinsi vyombo vilivyotoweka

Baada ya uhuru vyombo hivyo vilivunjwa kimoja baada ya kingine, na waliovivunja walikuwa viongozi ambao vyombo hivyo viliwainua. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi lilivunjwa na badala yake ikaundwa NUTA, chama cha wafanyakazi kilicho chini ya dola. Mwaka 1965 chama kikawa kimoja kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1972 serikali za mitaa ziliondolewa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za serikali. Serikali za mitaa na ushirika vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini vilirudi vikiwa na mazoea ya kungoja maelekezo kutoka juu.

Haki inadai tuseme pia lile jema kubwa lililofanyika miaka hiyo hiyo. Wakati wa sensa ya 1967, theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kina mama walikaa kwenye mikeka na vitabu vya pamba, vya samaki, vya malezi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili, na vikundi hivyo vilichimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Nchi chache maskini zimewahi kufanya hivyo.

Elimu ile ilimpa mwananchi uwezo wa kusoma. Nafasi ya kuhoji ilikuwa finyu. Kikundi cha redio kilijadili namna ya kuchimba choo. Hakikujadili kwa nini fedha za pamba zinachelewa. Kisha uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, michango ya shule ilirudi, vitabu vikakosekana, madarasa ya watu wazima yakafungwa, na uwezo ule wa kusoma ukaanza kuchakaa kwa kukosa kitu cha kusoma. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hajui kusoma na kuandika.

Kwa hiyo mfumo wa vyama vingi uliporudi tarehe 1 Julai 1992, ulishushwa kutoka juu. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuwa imezunguka nchi nzima na kukuta kwamba zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, na ikaorodhesha sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Mwananchi akapewa vyama vingi akiwa hana ushirika wenye nguvu, hana chama huru cha wafanyakazi, na shule ya mwanawe haina madawati.

Takrima

Katika mazingira hayo mgombea alikuta njia nyeupe. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kile anachotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa desturi kisihesabiwe kuwa rushwa. Jina lake likawa takrima. Pilau ilipikwa, khanga na kofia zikagawiwa, na bahasha ya nauli ikawa sehemu ya mkutano wa kampeni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili ya wanasheria walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu waliamua kwamba vifungu vya takrima vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na fedha na vinaharibu uchaguzi huru. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini jambo ambalo sheria haiwezi kulifuta kwa kalamu ni ile hesabu anayoipiga mama wa nyumbani asubuhi mgombea anapopita.

Tuitazame hesabu hiyo kwa heshima. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta Watanzania Bara asilimia 26.4 wanaishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Hiyo haifiki shilingi 1,700 kwa siku, ya kula, kuvaa, sabuni, dawa na daftari la mtoto. Kwa mtu wa kiwango hicho, noti ya elfu tano ni zaidi ya siku tatu za maisha. Ahadi ya barabara ni kitu alichokisikia kwa baba yake na hakukiona. Akichukua elfu tano hajafanya ujinga. Amechagua kilicho mkononi badala ya kilichoshindwa kuja mara tano. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mgombea anaijua methali hiyo kuliko anavyoijua ilani ya chama chake.

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanayo biashara inayofanana na hii hatua kwa hatua, nayo ni kangomba. Kabla msimu haujafunguliwa, mlanguzi anapita kwa mkulima ambaye unga umekwisha na mtoto anaumwa. Anamwachia fedha kidogo, na korosho zikiiva zitapimwa kwa kopo lake, kwa bei yake. Mkulima anajua bei ya mnada, na anajua kwamba anapunjwa. Anakubali kwa sababu mnada uko mbali na njaa iko jikoni. Kagera, mkulima wa kahawa hufanya vivyo hivyo kahawa ikiwa bado mtini, na huko wanaita butura. Kura ya maskini nayo huuzwa hivyo, mapema, kwa bei ya kutupa, kwa mtu ambaye baadaye atavuna kwa miaka mitano. Serikali imepambana na kangomba kwa sheria, maghala na hata askari, na kila mwaka inarudi, kwa kuwa kinachoizaa ni uhaba wa fedha nyumbani kabla ya msimu.

Hongo ya siku ya kampeni ndiyo inayoonekana. Kilicho kizito zaidi ni utegemezi wa kila siku. Mbolea ya ruzuku, chakula cha msaada, jina katika orodha ya kaya maskini, barua ya utambulisho wa mtoto anayekwenda kidato cha kwanza: vyote vinapita mkononi mwa kiongozi wa kijiji. Watafiti waliochunguza vocha za pembejeo mkoani Kilimanjaro mwaka 2009 walikuta kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Mwananchi aliyeona hilo alikuwa na njia mbili. Angeweza kusimama mkutanoni na kuuliza, na mwakani ajikute hayumo kabisa kwenye orodha, au angenyamaza na kutumaini. Ukimya wake tunauita woga au kutojua haki zake, na mara nyingi anazijua haki hizo vizuri sana. Asichokuwa nacho ni mahali pengine pa kupata mbolea.

Kenya imelipeleka jambo hili mpaka darasani. Mwaka 2003 kila jimbo la uchaguzi lilipewa mfuko wa maendeleo, na sehemu kubwa ya matumizi yake imekuwa basari za wanafunzi. Mzazi hupanga foleni, hujaza fomu, na hundi hutolewa hadharani mbunge akiwa amesimama mbele. Fedha ni za kodi yake, lakini shukrani zinakwenda kwa mheshimiwa. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya mfuko huo inakwenda kinyume cha Katiba, na wazazi wengi waliisikia habari hiyo kwa hofu, maana karo ya muhula ujao ilikuwa humo. Mzazi ambaye elimu ya mwanawe inategemea hisani ya mbunge atampigaje kura ya hapana?

Darasa la kunakili

Tungetegemea shule imkomboe huyo mtoto ili yeye asifungwe kama wazazi wake. Tanzania ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2001, na madarasa yakafurika. Kisha ukaja mpango wa kujenga sekondari katika kila kata. Wanafunzi wa sekondari waliongezeka kutoka takriban laki nne mwaka 2004 hadi karibu milioni moja na nusu mwaka 2009. Wananchi walifyatua matofali, walibeba mawe, walichanga. Ulikuwa moyo ule ule wa zamani wa Engare Nanyuki. Lakini majengo yalisimama kabla ya walimu kupatikana, na vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingia darasani. Watu wakawapachika jina la voda fasta.

Matokeo yalifichuka Februari 2013. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, watahiniwa 240,903, yaani asilimia 60, walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, alama zikapanda kidogo. Elimu ya vijana wale ilibaki vile vile. Kabla ya hapo, tathmini ya Uwezo ya 2010 ilikuwa imeonya kwamba watoto saba hivi katika kila kumi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kidato cha nne kilianguka kwa sababu darasa la pili lilikuwa limeanguka zamani.

Ingia katika sekondari ya kata kwenye kipindi cha uraia. Mtoto amesoma kwa Kiswahili miaka saba, na sasa anafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu anajaza ubao mihimili mitatu ya dola, kazi za Bunge, sifa za uchaguzi huru. Wanafunzi hamsini au sitini wananakili. Yule wa nyuma anakosea herufi mbili katika neno la Kiingereza lenye maana ya uwajibikaji, na atalibeba kosa hilo mpaka mtihani, kwa sababu ni mchoro tu kwake. Hakuna anayeuliza, maana kuuliza kunahitaji Kiingereza, na kukosea Kiingereza kunaleta kicheko. Mtoto anatoka akiwa amekariri haki zake katika lugha asiyoielewa na amejifunza kwa vitendo, kwa miaka minne, kwamba mwenye mamlaka akisema wewe unanakili.

Sheria za nchi nazo zilikuwa na kufuli la namna hiyo hiyo. Katiba tunayo kwa Kiswahili, lakini sheria nyingi zinazomgusa mwananchi kila siku ziliandikwa kwa Kiingereza mpaka marekebisho ya 2021 yalipotamka kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Miaka sitini mkulima alihukumiwa kwa maandishi ambayo hata mwanawe aliyemaliza sekondari hakuweza kumsomea.

Wakati huo huo wenye sauti walikwisha kuondoka. Mkurugenzi, mfanyabiashara, mbunge na hata mwalimu mwenye uwezo humpeleka mwanawe shule binafsi ya Kiingereza. Shule ya umma ikabaki kuitwa kayumba, na jina lenyewe linasema ni ya watoto wa nani. Paa la kayumba likivuja, wanaoloa ni watoto wa wasio na simu ya mkuu wa wilaya. Ndiyo maana ubovu wa shule za umma unaweza kudumu miaka mingi bila kumwangusha waziri hata mmoja. Asasi ya HakiElimu ilipoanza kuuonyesha ubovu huo kwa tafiti na matangazo ya televisheni, Wizara ya Elimu iliizuia Septemba 2005 isifanye wala kuchapisha tafiti kuhusu shule.

Matunda ya yote haya yanaonekana kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria mkutano huu ndio mamlaka ya juu kijijini. Kila mtu mzima ni mjumbe, na unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Watu wamekaa chini ya mwembe. Mtendaji anafungua daftari na kusoma mapato na matumizi: ushuru kiasi hiki, ruzuku kiasi hiki, vikao kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, salio kiasi hiki. Anasoma mbio, tarakimu juu ya tarakimu, na hakuna karatasi mkononi mwa mtu mwingine yeyote. Mzee mmoja anainua mkono: "Mtendaji, zile za mchanga wa zahanati umezisoma?" Anajibiwa kwa adabu: "Zimo humo humo, mzee wangu." Mzee anakaa. Mwenyekiti anauliza, "Taarifa imepokewa?" Sauti zinaitika, "Imepokewa!" Kura haikuibwa wala hakuna aliyetishwa, lakini fedha ya mchanga imepita.

Shule peke yake haitoshi

Msomaji makini atasema wezi wakubwa wa nchi hii wamesoma, tena wamesoma sana. Ni kweli, na hoja hiyo isipite hivi hivi. Mikataba mibovu haikusainiwa na wasiojua kusoma. Elimu inampa mtu uwezo. Haimchagulii upande.

Tafiti zinatuonya pia tusitarajie mteremko. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule za msingi waliingizwa katika mpango wa ufadhili wa masomo kwa waliofanya vizuri, na miaka baadaye watafiti wakawarudia. Wasichana hao walikuwa wepesi zaidi kukataa kwamba mume ana haki ya kumpiga mke, walijua zaidi mambo ya siasa, na heshima yao kwa mamlaka iliyopo ilikuwa imepungua. Lakini hawakupiga kura zaidi ya wenzao. Zimbabwe, waliofaidika na upanuzi mkubwa wa sekondari baada ya uhuru wa 1980 walionekana kujitenga na siasa kuliko waliosoma kidogo. Walikuwa wameelewa kwamba uchaguzi usio na ushindani wa kweli ni mchezo ambao mshindi wake anajulikana, na hawakutaka kuupamba kwa kushiriki.

Elimu, kwa hiyo, humfungua mtu macho, na mtu aliyefunguka macho bila kuwa na chombo cha kutendea huishia kukata tamaa. Chombo bila elimu nacho hutekwa na mjanja mmoja mwenye daftari. Maskini wa 1955 alikuwa na chombo, na ndani ya chombo alikuwa akijifunza. Ndiyo siri yake.

Kenya ilituonyesha Juni 2024 viwili hivi vinapokutana. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa waraka mzito wa kisheria, wa aina ambayo kwa kawaida husomwa na wahasibu na mawakili tu. Vijana waliuchukua, wakauchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama katika video fupi, mpaka muuza mboga akajua kodi gani inamhusu. Wengi wao ni wa kizazi kilichoanza shule baada ya Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, na siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada. Makumi ya vijana walipoteza maisha katika maandamano yale, na gharama hiyo isisahauliwe na yeyote anayewasifu. Waliyaendea mabadiliko wakiwa wamesoma waraka wenyewe, hawakusomewa na mtu.

Tuanzie wapi

Kama tatizo ni utegemezi, dawa ni kumpa mwananchi mahali pa kusimama. Ushirika ulio wa wanachama wenyewe, unaomlipa mkulima kwa wakati, ni taasisi ya kisiasa hata kama katiba yake inazungumzia korosho tu. Vikoba vya kina mama ni hivyo hivyo, mradi visigeuzwe tawi la mgombea anayekuja na bahasha ya kutunisha mfuko. Ruzuku na misaada ya kaya maskini itolewe kwa vigezo vilivyoandikwa, kwa orodha iliyobandikwa ukutani, bila picha ya mwanasiasa, ili anayepokea ajue kwamba ni haki yake na hamdai mtu shukrani.

Shuleni, kabla ya kila sera mpya yenye jalada la rangi, mtoto wa darasa la pili aweze kusoma ukurasa mmoja na kusema umehusu nini. Uraia ufundishwe kwa lugha anayoielewa mwanafunzi, na mazoezi yake yawe ruzuku ya shule yake mwenyewe: imeingia shilingi ngapi, imetumikaje, stakabadhi iko wapi. Mtoto aliyewahi kukagua hesabu za chaki hatasomewa hesabu za zahanati kwa mbio. Elimu ya watu wazima nayo irudi, kwa redio na kwa vikundi kama vya 1973, ila safari hii wanavikundi wachague wenyewe cha kujadili, na bei ya mazao iwe ya kwanza.

Hakuna mtawala atakayetuletea haya kwa hiari, maana yanampunguzia yeye. Lakini sehemu yake ya kwanza haihitaji kibali cha mtu. Mkutano mkuu wa kijiji chako, kwa sheria iliyopo sasa, hautakiwi kuwa mbali zaidi ya miezi mitatu. Kaa na majirani watano kabla yake. Mwombeni mtendaji kwa barua nakala ya mapato na matumizi, mtafuteni kijana mmoja anayejua hesabu, mpitie mstari kwa mstari, kisha mwende mkutanoni mkiwa na maswali matatu yaliyoandikwa. Mwenyekiti akiuliza kama taarifa imepokewa, semeni haijapokewa mpaka maswali yajibiwe. Msimame wote watano, ili asiwepo wa kuondolewa peke yake kwenye orodha ya mbolea.